Tusimle ng'ombe mzima tukashindwa na mkia

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu unayesoma maoni haya gazetini, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, mwezi Septemba, nilikuwa zamu ya usiku studio. Katika taarifa ya habari nilisoma tangazo la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Tangazo lilisema kwamba waombaji waliochaguliwa katika chuo zaidi ya kimoja wanatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri iliyotumwa kwenye simu zao au barua pepe. Lilitaja tarehe ya mwisho. Likaongeza kwamba ambaye hakupata ujumbe huo aingie kwenye mfumo wa chuo kimojawapo alichochaguliwa, aombe kutumiwa tena. Nililisoma bila kukosea hata neno moja, nikafunga kipaza sauti, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba wananchi wamepata habari.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi mama mmoja anayeuza vitumbua na maandazi asubuhi. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo huo katika shule ya serikali, akapata daraja la pili, na akachaguliwa vyuo viwili. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne. Mtaa mzima tulipata habari, kwa sababu siku hiyo mama yake aligawa maandazi bure.

Mwezi Novemba nilipita pale asubuhi nikamkuta binti ameshika upawa mbele ya karai la mafuta. Tukasalimiana. Nikamuuliza, "Vipi mwanangu, chuo bado hamjafungua?"

Akainamisha kichwa. "Wenzangu wameshafungua, baba. Mimi ule ujumbe haukuja."

Nilipouliza zaidi nikaelewa. Maombi yake ya chuo alijaziwa na kijana mmoja kwenye duka la steshenari, kwa malipo. Kwa kuwa binti hakuwa na simu ya kisasa wala barua pepe, yule kijana aliandika namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, kama alivyowafanyia wengine. Baadaye kijana akahama na laini akabadilisha. Namba ya siri ilitumwa kwenye simu ambayo hakuna aliyejua iko wapi, huku binti akikaa na simu ya mama yake kutwa akisubiri mlio. Tarehe ikapita, na nafasi zote mbili zikapotea. Dirisha la awamu iliyofuata nalo lilifunguliwa likafungwa, bila yeye kujua kwamba lilimhusu.

"Hukusikia tangazo redioni?" nikamuuliza.

"Nilisikia. Sauti yako niliitambua. Ila kule kuingia kwenye mfumo wa chuo sikuelewa ndiyo kufanya nini. Nikajua ujumbe uko njiani."

Ndugu msikilizaji, ni nyumba tatu tu. Habari ilifika kama nilivyoisoma. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa karibu na binti yule kwa nusu saa. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie kipindi kati ya matokeo ya kidato cha sita na siku ya kwanza darasani chuoni, kipindi ambacho mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu huwa hana mwenyewe.

Tuangalie kwanza jinsi taifa hili lilivyohangaika kumfikisha kijana huyo hapo. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulieneza shule za kata karibu kila mahali. Januari 2016 ada ikaondolewa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo kijana anayemaliza kidato cha sita leo katika shule ya serikali amesomeshwa na umma, ukihesabu walimu, madarasa, madawati na mitihani. Wahenga walisema mtu hali ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Sisi tunakula ng'ombe mzima kwa miaka 13, kisha mkia unatushinda katika miezi mitatu.

Na kwa nini utushinde? Kwa sababu miezi hiyo haina mlinzi. Mtihani hufanyika mwezi Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Shule imeshamaliza kazi yake siku ya mtihani wa mwisho. Chuo bado hakimjui. Baadhi yao wanakuwa kambini JKT, kwani mafunzo ya kijeshi kwa mujibu wa sheria yaliyositishwa mwaka 1994 yalirejeshwa mwaka 2013, na kambini si mahali pa kushinda ukichungulia simu. Nyumbani nako wapo watu wenye upendo na dua nyingi, lakini hakuna aliyewahi kupita njia hiyo.

Sasa tuitazame njia yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu wazazi wengi hudhani ni hatua moja.

Hatua ya kwanza ni kuomba chuo. Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yalipitia katika mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka. Maana yake, akiomba vyuo vitatu ana mifumo mitatu, maneno ya siri matatu na malipo ya maombi mahali patatu. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, na mambo ya kukumbuka yameongezeka pia.

Hatua ya pili ni kuomba mkopo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Chuo ni ofisi moja, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ofisi nyingine kabisa. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Kuchaguliwa chuo hakumpi mtu mkopo. Mkopo unaombwa peke yake, katika mfumo wake, kwa tarehe zake. Nimekutana na mzazi aliyefurahia barua ya chuo akidhani ndani yake mna ada, chakula na malazi.

Bodi inahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Anahitajika mdhamini mwenye kitambulisho. Zinahitajika saini na mihuri, ikiwa ni pamoja na ya serikali ya mtaa au kijiji. Pia namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo atakayoombea mkopo. Kama alirudia mtihani na ana namba mbili, akatumia moja huku na nyingine kule, kompyuta itamwona kuwa watu wawili.

Halafu kuna suala la majina. Mtoto alizaliwa akaandikwa jina la babu, shuleni mwalimu akaandika jina la baba, na kwenye cheti cha kidato cha nne likakosewa herufi moja. Kwa miaka yote hiyo halikumdhuru mtu. Mwezi Agosti, zikiwa zimebaki siku kumi, ndipo inagundulika kwamba vyeti viwili vya mtu mmoja vina majina mawili. Kulirekebisha jambo hilo kunahitaji kiapo, foleni na nauli, na siku kumi hazitoshi.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha chuo kwa aliyechaguliwa zaidi ya kimoja. Hiyo nimeshaieleza, na binti wa maandazi ni shahidi.

Hatua ya nne ni maelekezo ya kujiunga. Hapo kuna fomu ya uchunguzi wa afya inayotakiwa kujazwa hospitali, ada au sehemu ya ada ya kulipa benki, bima ya afya, vyeti halisi vya kwenda navyo, na tarehe ya mwisho ya kusajiliwa.

Hatua ya tano, ambayo haiandikwi kwenye fomu yoyote, ni nauli na chakula cha wiki za mwanzo. Fedha ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita "boom", haimfuati mtu nyumbani kwake. Mwanafunzi anafika kwanza, anasajiliwa, anasaini, ndipo fedha inaingia. Kijana wa Kigoma au wa Newala aliyepangiwa chuo Dar es Salaam anahitaji kufika, kulala na kula kabla hajaiona shilingi ya mkopo. Zamani serikali ilimpa mwanafunzi waranti ya kusafiria. Utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, nauli ilikuwa miongoni mwa mizigo ya kwanza kurudishwa kwa mzazi, na huko imebaki.

Ukizitazama hatua hizo tano, hakuna hata moja inayopima akili ya mtoto. Akili ilishapimwa mwezi Mei, naye akashinda. Zinazopimwa sasa ni akili za nyumba alikotoka: nani pale anajua fomu, nani ana barua pepe, nani anamfahamu mtu RITA, nani anaweza kukopa laki moja kwa wiki tatu.

Wapo watakaosema kijana wa miaka 19 au 20 ni mtu mzima, ajitafutie mwenyewe, kwani wenzake mbona wanaweza. Napenda kuwajibu kwa heshima. Hao wenzake wanaoweza, watazameni vizuri. Baba yake ni ofisa au mwalimu. Fomu anajaziwa mezani baada ya chakula cha usiku. Namba ya simu iliyoandikwa ni ya mama, nayo haijabadilika kwa miaka kumi. Dada yake aliyeko mwaka wa tatu anapiga simu, "Usisahau kesho ndiyo mwisho." Huyo hajitafutii mwenyewe hata kidogo. Anasaidiwa kila siku, ila msaada wake uko ndani ya nyumba, kwa hiyo hatuuiti msaada. Mtoto wa muuza maandazi anaomba kile kile ambacho mwenzake anapewa bila kuomba.

Wengine watasema tatizo ni fedha tu. Fedha ni tatizo, sikatai. Lakini hebu tutazame mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa makini, nchini Marekani. Huko nako vijana wa familia maskini wanapata nafasi chuoni, wanasema watakwenda, kisha siku ya kufungua hawaonekani. Wamarekani wamelipa jambo hilo jina, wanasema ni kuyeyuka kwa kiangazi, kwa kuwa hutokea katika miezi ya joto kati ya shule kufunga na chuo kufungua. Watafiti wawili, Benjamin Castleman na Lindsay Page, waliandika kitabu juu yake mwaka 2014. Walikadiria kwamba kati ya vijana 10 na 40 katika kila 100 waliokusudia kwenda chuo huyeyuka hivyo, kutegemea mahali, na wengi wao ni wa familia za kipato kidogo.

Msaada wa fedha huko upo, lakini unaombwa kwa fomu ya serikali ambayo ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Mwaka 2008, katika majimbo ya Ohio na North Carolina, Eric Bettinger na wenzake walifanya jaribio katika ofisi za kampuni ya H&R Block, ambako watu huenda kujaziwa fomu za kodi. Familia za kipato kidogo ziligawanywa katika makundi. Kundi moja lilielezwa tu ni msaada kiasi gani linastahili kupata, likahimizwa kuomba. Kundi jingine lilisaidiwa pale pale mezani kujaza fomu yenyewe, kazi iliyochukua chini ya dakika kumi, kwa kuwa habari nyingi zilikwishaandikwa kwenye fomu ya kodi.

Matokeo yalikuwaje? Kundi lililopewa habari tu halikubadilika. Katika kundi lililosaidiwa kujaza, wanafunzi wa sekondari waliokuja kusoma chuo kwa miaka miwili walifikia 36 katika kila 100, wakati kwa wasiosaidiwa walikuwa 28. Vijana wanane zaidi katika kila 100, kwa dakika kumi za mtu kukaa nao.

Baadaye watu wakaona njia rahisi: kwa nini tusiwatumie wote ujumbe wa simu? Majaribio madogo, ambapo kijana aliweza kumjibu mshauri wake wa shule kwa ujumbe huo, yalionyesha faida sehemu fulani. Lakini walipopanua na kuwaandikia vijana zaidi ya 800,000 katika kampeni kubwa za mbali, idadi ya waliojiunga na vyuo haikuongezeka. Mimi niliposoma habari hiyo nilikumbuka tangazo langu la usiku ule. Ujumbe unaotoka kwa asiyekujua, unaokwenda kwa kila mtu, unapita kama gari moshi. Kijana anausikia, ila haumbebi.

Kwa hiyo tufanye nini? Nataja mambo ambayo hayahitaji bajeti wala kusubiri Bunge.

Kwanza, shule. Mkuu wa shule ya sekondari anaweza kumteua mwalimu mmoja akawa na daftari lenye jina la kila aliyemaliza kidato cha sita na namba ya simu ya nyumbani kwao. Kuanzia Julai hadi Oktoba mwalimu huyo apige simu kila baada ya wiki mbili akiuliza: umeomba, umethibitisha, umesafiri? Gharama yake ni muda wa maongezi. Shule zetu hujisifu kwa idadi ya daraja la kwanza. Siku moja tuzione zikijisifu kwa idadi ya waliosajiliwa.

Pili, wanafunzi wenyewe walioko vyuoni. Katika miezi hiyo hiyo wengi wao wako likizo ndefu mitaani kwetu. Wao walipita njia hii mwaka jana, na wanajua kitufe gani kinabonyezwa. Ofisi ya serikali ya mtaa, msikiti au kanisa vinaweza kutoa meza moja na viti vinne kila Jumamosi ya Agosti. Wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wakikaa pale watafanya kazi ambayo matangazo yangu ya mwaka mzima hayawezi.

Tatu, ndugu zetu wa steshenari. Ninyi ndio ofisi ya kweli ya udahili kwa watoto wa maskini, nasi tunawashukuru. Lakini msiandike namba zenu kwenye maombi ya mtoto wa mtu. Mfungulieni barua pepe yake, mwandikieni neno lake la siri kwenye karatasi, aondoke nalo.

Nne, mzazi. Usiseme kwamba hukusoma kwa hiyo huwezi kusaidia. Huhitaji cheti ili kuuliza maswali. Muulize mwanao haya matano. Namba ya simu uliyoandika kwenye maombi ni ya nani, nayo iko hewani? Neno la siri umeliandika wapi? Mkopo umeuomba, mbali na chuo? Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yanalingana? Na tarehe ya mwisho ni ipi, ili tuanze kutafuta nauli leo? Akishindwa kujibu mojawapo, usimgombeze. Mfungeni safari siku hiyo hiyo mkaulize shuleni au kwa jirani anayejua. Na hilo la cheti cha kuzaliwa lisingoje kidato cha sita. Lishughulikieni akiwa kidato cha kwanza.

Kuhusu binti wa jirani yangu, mwaka uliofuata nilikaa naye mezani Jumamosi mbili, nikampeleka kuhakiki cheti chake, nikashuhudia akiandika namba yake mwenyewe, na siku ya kuthibitisha chuo tulikuwa pamoja kibarazani. Sikuwa na ujuzi wowote wa pekee. Sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunasoma maelekezo kwa sauti, mstari baada ya mstari. Alipata chuo na mkopo, ingawa si katika kozi aliyochaguliwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja alioupoteza kwenye karai la mafuta hakuna anayeweza kumrudishia.

Tangazo la TCU litakuja tena, nami nitalisoma tena, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. Tofauti ni kwamba siku hizi nikishalisoma, kesho yake asubuhi napita kwa majirani zangu nauliza nani nyumbani kwao ana mtoto aliyemaliza kidato cha sita. Nawe, ndugu msikilizaji, tangazo hilo ukilisikia, hesabu nyumba tatu kulia na tatu kushoto, ukaulize.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.